Novemba Hayward, kwenye msitu wa kulungu

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mimi sijazaliwa. Kwa hiyo Malindi nilikokulia, mwindaji na jangili lilikuwa jina moja. Babu alitusimulia habari za Wawaata wa upande wa Tsavo, waliowinda ndovu kwa pinde ndefu na mishale ya sumu, na jinsi serikali ya mkoloni ilivyowatia jela miaka ya 1950. Tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza ngano.

Akili hiyo ndiyo niliyotoka nayo Minneapolis, huku Marekani, Ijumaa ya Novemba, nimeketi ndani ya pikapu ya mzee jirani yangu. Tulivuka mto St. Croix tukaingia Wisconsin, tukapita Siren na Spooner, kisha barabara ya 63 hadi Hayward. Kila kituo cha petroli kilijaa watu wenye makoti ya rangi ya chungwa inayong'aa. Ni sheria: angalau nusu ya nguo ya mwindaji kuanzia kiunoni kwenda juu iwe ya rangi hiyo, na tangu 2016 hata waridi inayong'aa inakubaliwa. Kesho yake, Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, msimu wa bunduki ungefunguliwa kwa siku tisa.

Njiani mzee aliniuliza kama ningependa kujifunza kupiga. Nikamjibu, "La, mzee. Nimekuja kuona." Akasema, "Basi utaona," na hakulirudia tena swali hilo.

Kambi yao ni kibanda cha mbao chenye jiko la kuni. Tulikuwa watano, na sikukuta wawili wanaowinda namna moja. Mzee hubeba bunduki aliyorithi kwa baba yake. Binti yake hutumia upinde, na hutafuta jike, kwa sababu anachotaka ni nyama ya kujaza friza. Mpwa wake yuko tayari kurudi mikono mitupu miaka mitatu akingoja dume lenye pembe kubwa. (Kulungu wa huku si yule wa kwetu: pembe zake hudondoka kila mwaka, zikaota upya.) Ndugu yake mzee mabega yamechoka, hivyo anatumia upinde wa kufyatua kwa kidole, ambao tangu 2014 una msimu wake na kila mwenye leseni anaruhusiwa.

Waligombana kuhusu chambo. Ndugu mtu alizoea kumwaga mahindi, mzee hataki hata kuyasikia tangu 2002, ulipogunduliwa Wisconsin ule ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo. Kulungu wakikusanyika penye chakula kimoja, huambukizana. Walibishana hadi kahawa ikapoa, na asubuhi yake ndugu yule ndiye aliyemshikia mzee ngazi.

Lakini kabla ya kulala, mzee alinichukua tukazunguka kambi za majirani, moja baada ya nyingine, akinitambulisha. Kurudi ndipo akanieleza sababu. Novemba 2004, katika kaunti hiihii ya Sawyer, mwindaji mmoja Mhmong, wa jamii ya wahamiaji kutoka Laos, alikutwa juu ya dungu katika ardhi ya watu wengine. Maneno yakawaka, kisha risasi. Watu sita wakafa. Mwenyewe alisema alitukanwa kwa asili yake. Mahakama ilimfunga maisha. "Nataka kila mtu akujue uso kabla hajakuona kati ya miti," mzee alisema. Sikupata usingizi upesi.

Alfajiri tulipanda dungu, kama lile la kuwingia ndege shambani. Baridi iliuma hadi kwenye meno. Dume changa lilipita hatua thelathini kutoka tulipokuwa. Mzee akaliangalia hadi likatoweka. "Mwakani," akanong'ona.

Alasiri akaja mtu hadi mpakani, akasimama. Bunduki yake ilikuwa tupu, chemba wazi, tuione. Ni Mojibwe, mmoja wa wenyeji asilia wa huku, wa Lac Courte Oreilles; alimjeruhi kulungu, na nyayo zimeingia kwetu. Sheria ya huku haimruhusu kufuata mnyama katika ardhi ya mtu bila idhini. Mzee alimpa mkono, wakafuata damu pamoja, nami nyuma.

Tukiwa tunatembea, mzee alinieleza bila kushusha sauti, yule mgeni akisikia. Waojibwe walihifadhi haki yao ya kuwinda na kuvua katika mikataba ya 1837 na 1842. Mahakama ilipoithibitisha mwaka 1983, umati ulikwenda ziwani kuwazomea na kuwarushia mawe wavuvi wao. "Nilikuwa mmoja wa waliozomea," mzee alisema. Mgeni hakujibu. Aliinama, akatuonyesha tone jingine kwenye jani.

Tulimkuta kulungu chini ya msonobari. Yule bwana alitoa tumbaku kidogo, akaiweka ardhini, akasema maneno kwa lugha yake. Mzee alivua kofia, nami nikavua yangu. Kisha tukamburuta watatu hadi njiani.

Usiku walikaanga maini. Mimi nyama isiyosomewa bismillahi sili, na nilikuwa nimejiandaa kwa mkate na chai. Mzee akatoa kwenye begi kikaango kipya, karatasi ya bei bado imebandikwa, na samaki aliyemnunua mjini siku ile ya Ijumaa. Akakiweka upande wa pili wa jiko, mbali na kile kingine.