Paka Haulizi Umeota Nini

Wapendwa katika Bwana, tunapomsimulia Ayubu huwa tunataja mali iliyopotea, watoto kumi waliokufa na majipu. Usiku wake tunausahau. Katika sura ya 7 analalamika kwamba kila akidhani kitanda kitamtuliza, ndipo anapotishwa kwa ndoto. Mtu amenyang'anywa kila kitu, halafu hata usingizi unamgeuka! Wiki hii tukae kwenye usiku huo, na msinicheke, kwa kuwa nitamleta paka.

Wanaofuga paka wana ushuhuda unaofanana. Mtu anaweweseka, anashtuka huku jasho linamtoka, na anapofumbua macho paka yuko kifuani pake anakoroma, au anamgusagusa shavu kwa mguu wa mbele. Wengine husema ni paka aliyewaamsha. Sehemu ya jambo hili inaelezeka. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho hucheza chini ya kope, na humo ndimo ndoto nzito nyingi hutokea. Vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Paka naye ni mnyama wa machweo na mapambazuko, kwa hiyo saa yako ya ndoto mbaya mara nyingi humkuta macho, na masikio yake makali hayakosi kusikia pumzi ikibadilika.

Tena yeye mwenyewe huenda anaota. Michel Jouvet, mtafiti wa Lyon nchini Ufaransa, alionyesha kwamba paka ambao sehemu ya ubongo inayoulegeza mwili usingizini imeharibiwa huinuka wangali wamelala, wakavizia na kurukia mawindo yasiyokuwepo.

Je, anakuja kwa huruma? Tusimpambe kupita kiasi. Pengine anafuata joto la blanketi, pengine ana njaa. Hata kukoroma kwake si furaha siku zote, kwani paka hukoroma pia akiwa ameumia, akiwa anazaa, hata akikaribia kufa. Ila wapo pia watafiti wa Oregon, Marekani, ambao mwaka 2019 waliona kwamba karibu paka wadogo 64 katika kila 100 waliowapima walitulia mlezi wao aliporudi, wakaendelea kuchunguza chumba bila wasiwasi. Hilo nalo lina uzito wake.

Binafsi nia ya paka hainisumbui. Kunguru ni najisi katika Mambo ya Walawi 11, na sidhani kama alijua shida za Eliya pale kijito cha Kerithi, lakini mkate na nyama vilifika asubuhi na jioni. Sioni kwa nini Mungu yule yule ashindwe kumtumia mnyama aliyekuja kutafuta joto. (Paka mwenyewe hana sifa kubwa katika Maandiko. Anatajwa katika Barua ya Yeremia, inayosomwa kama Baruku 6 katika Biblia ya Kikatoliki, miongoni mwa viumbe wanaotua juu ya sanamu za miungu.)

Sasa turudi kwa Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Zingatieni huo usiku. Kwa usiku saba Ayubu alikuwa na watu ubavuni, na hakuna anayesimulia kwamba walimdhuru. Kisha Elifazi akafungua kinywa. Na alianza vipi? Katika sura ya 4 anasimulia maono yake mwenyewe ya usiku, jinsi alivyotetemeka na nywele za mwili kumsimama, halafu anayageuza kuwa fundisho la kumshtaki mgonjwa. Baadaye kidogo ndipo Ayubu anatamka habari za ndoto zake, na kufika sura ya 16 anawaita "wafariji wenye kutaabisha".

Elifazi tunaye katika kila kikundi cha maombi, na mara nyingi ni sisi. Ndugu anasema ameota vibaya, na kabla hajamaliza tumeshamsimulia ndoto yetu, tumeshaitafsiri ya kwake, tumeshamuuliza ni dhambi gani imefungua mlango. Ndoto mbaya huletwa na homa, na msiba, na baadhi ya dawa. Kwa aliyepitia vita au kubakwa, ndoto yaweza kuwa kumbukumbu ya jambo lililotendeka kweli. Kumwambia mtu huyo kwamba imani yake ni haba ni ukatili, hata tukiusema kwa sauti ya upole.

Zikimrudia mara kwa mara, aende kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Yapo matibabu ambayo mtu, akiwa macho, huibadilisha hadithi ya ndoto yake na kuirudia kila siku mpaka makali yake yapungue. Paka hawezi kazi hiyo, na mkesha wetu usijifanye unaiweza.

Kwa juma hili someni Ayubu 2:11-13, kisha sura ya 4 na ya 7. Tukikutana tuzisome kwa sauti mbili, mmoja awe Elifazi, mwingine Ayubu. Atakayesoma Elifazi asimfanyie sauti ya mtu mbaya, kwa maana alidhani anasaidia.