Nilivyookoa nyimbo za mjomba

Mjomba alifundisha kwaya ya kigango chetu kule Kibosho tangu ujana wake mpaka sauti ilipomkauka, bila mshahara. Utotoni aliimba Misa kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia mwaka 1963, na lugha za wenyeji zikapata nafasi kanisani, akaanza kutunga kwa Kiswahili na hakuacha tena.

Alipofariki, mkewe alinikabidhi kaunta buku zake. Nyingine mchwa walishazionja. Zote zimeandikwa kwa solfa, yaani noti kwa herufi d r m f s l t (do, re, mi hadi ti), kwa penseli.

Picha za simu zilihifadhi kurasa, si muziki. Katika solfa nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hukata robo. Penseli ikishafifia huwezi kujua ipi ni ipi, na wimbo wa taratibu unageuka mchakamchaka. Kale kaalama kanakoshusha noti oktava moja ndiko hufutika kwanza.

Kwa hiyo niliwafuata wazee waliomwimbia. Nilikutana na kila sauti peke yake, maana wakiwa pamoja wanabishana. Bibi mmoja wa sauti ya pili hakukumbuka maneno hata mstari mmoja, ila noti alizitoa zote, s f m r, bila kusita. Nilirekodi, nikalinganisha na kaunta buku, nikanakili upya kwa wino. Kijana wetu wa kinanda akazigeuza kuwa noti za mistari mitano kwenye kompyuta, kwa programu ya MuseScore.

Katika kunakili niligundua jinsi mjomba alivyopenda "ta", ile ti iliyoshushwa nusu toni. Ameitia karibu kila kiitikio kinapoishia. Kwa maoni yangu alizidisha, lakini hapo ndipo unapomtambua.

Tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, kwaya iliimba nyimbo zake kuanzia mwanzo wa Misa hadi shukrani.

Wimbo mmoja wa matoleo haukupatikana sauti ya tatu; ukurasa umeliwa na waliouimba wametangulia. Mwalimu wa sasa alitaka kuitunga upya. Nilimwomba auache ulivyo, wateno, yaani waimbaji wa sauti hiyo ya tatu, wafuate sauti ya kwanza. Wamenuna, lakini wanaimba.