Akina Juanita wa Mexico

Tangu Claudia Sheinbaum aapishwe kuwa rais wa Mexico, Oktoba 1 2024, naona watu mtandaoni wanaandika ati Mexico imeamka tu asubuhi moja ikamchagua mwanamke, nchi ya wanaume wa masharubu na kofia kubwa, maajabu. Maajabu gani jamani. Mimi hiyo stori naianzia 2009, tena kwa mwanaume, jamaa mmoja anaitwa Rafael Acosta, wengi wakimjua kama Juanito, alikuwa anafanya kampeni amefunga kitambaa kichwani chenye jina lake.

Iztapalapa ni sehemu ya Mexico City yenye watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watu wa kipato cha chini. Clara Brugada alitaka kuiongoza, lakini wiki chache tu kabla ya kura mahakama ya uchaguzi ikampokonya tiketi ya chama ikampa mwenzake wa chama hichohicho. Basi López Obrador, wakati huo hajawa rais bado, akapanda jukwaani akawaambia watu mpigieni kura huyu Juanito wa chama kidogo, akishinda atajiuzulu ampishe Clara. Juanito kweli akashinda! Halafu utamu wa kiti ukamwingia, leo natoka kesho sitoki, vuta nikuvute mpaka Desemba ndio Clara akakalia kile kiti. (Clara huyohuyo 2024 amechaguliwa kuongoza Mexico City nzima, kwa hiyo usimuonee huruma sana.)

Hiyo watu walicheka. Mwaka huohuo bungeni kukatokea kitu cha aina hiyo ila kimepinduliwa, na hapo mimi sicheki. Sheria ilikuwa inadai kila jinsia ipate angalau asilimia 40 ya wagombea wa chama. Sasa Mexico kila mgombea ubunge anasimama na mtu wake wa akiba, yule akiondoka huyu anaingia bila uchaguzi mwingine. Vyama vikaandika wanawake mbele, nyuma yao vikaweka wanaume wa akiba, na bunge lilipoanza tu wanawake kadhaa wakaomba ruhusa ya kuondoka, viti vikaenda kwa wanaume, wengine waume au ndugu zao kabisa. Watu wakawaita Juanitas, yaani akina Juanito wa kike. Lakini nani alipanga? Si hao akina dada, ni wazee wa chama waliokaa na kalamu wakapiga hesabu.

Kilichofuata ndicho hakisimuliwi sana. Wanawake wa vyama tofauti, wa kulia na wa kushoto, wanasiasa, wanasheria na waandishi wa habari, walikaa pamoja wakaenda mahakama ya uchaguzi, na Novemba 2011 mahakama ikasema ile asilimia 40 haina visingizio, na mwanamke mtu wake wa akiba lazima awe mwanamke. Mwisho wa mchezo. Eti mwisho! Vyama vikahamia kwingine, wanawake wakapewa maeneo ambayo chama hakijawahi kushinda hata kwa ndoto, ikabidi 2014 sheria ikataze na hilo, na mwaka huohuo katiba ikasema wagombea ubunge nusu kwa nusu. 2018 kule jimbo la Oaxaca wanaume 17 wakajiandikisha kama wagombea wa jinsia ya kike ili wahesabiwe kwenye nafasi za wanawake, na waliopiga kelele ni muxe wenyewe, wale watu wa kabila la Wazapoteki ambao wameishi kama jinsia ya tatu tangu zamani, wakasema hawa hatuwajui, mahakama ikawafuta 15. Mwaka uliofuata katiba ikabadilishwa tena, usawa ukaingia mpaka serikalini na mahakamani, na 2021 bunge la watu 500 likatoka wanawake 250 wanaume 250.

Sisi Kenya tunayo katiba ya 2010 inayosema si zaidi ya theluthi mbili wa jinsia moja. Bunge likapuuza, likapuuza tena, Jaji Mkuu Maraga Septemba 2020 akamshauri rais alivunje, na waheshimiwa wakaendelea kunywa chai. Tofauti naiona hapa: kule orodha ya chama isiyotimiza usawa tume ya uchaguzi inaikataa, huna orodha huna uchaguzi. Huku nani anakosa nini?

Na usidhani huko Mexico vijijini mambo yalifuata mahakama. Eufrosina Cruz, mwanamke wa Kizapoteki, 2007 aligombea uongozi wa kijiji chao, Santa María Quiegolani, wakuu wa kijiji wakatupa kura zake wakisema mila haimtambui mwanamke. Akapiga kelele mpaka katiba ya jimbo ikaguswa, na 2010 yeye ndiye akawa anaongoza vikao vya bunge la jimbo la Oaxaca. Sijui kama wale wazee walimpigia simu ya pongezi.

Halafu kuna lile ambalo viti havijaligusa, au vimeligusa kidogo sana. Wanawake wanauawa. Jina la Ciudad Juárez, mji wa Mexico mpakani na Marekani, lilijulikana duniani kwa hilo, mpaka mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaihukumu serikali ya Mexico kwa uzembe wake kuhusu wasichana waliokutwa wamekufa kwenye shamba la pamba. Machi 9 2020 wanawake waligoma nchi nzima, hawakwenda kazini, hawakwenda shule, hawakununua kitu. Na Novemba 2025 Sheinbaum mwenyewe, rais, anatembea kwa miguu barabarani karibu na ikulu anasalimia watu, mlevi mmoja akamjia kwa nyuma akamshikashika mwili mchana kweupe. Alifungua mashtaka, akasema kama rais anafanyiwa hivi basi wasichana wengine hali yao ikoje, na akataka ikaguliwe kama majimbo yote yanahesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai. Kuna watu walimlaumu eti kwa nini anatembea bila ulinzi wa kutosha.