Kwani Kuna Wageni?

Juzi saa nane usiku nilikuwa jikoni nimepiga magoti, nasugua nyuma ya jiko la gesi, pale mahali ambapo mkono haufiki mpaka ulisogeze, na ukilisogeza unakutana na mambo ambayo ungeomba usiyajue. Binti yangu akatokea mlangoni, nywele zimelalia upande mmoja, kikombe cha maji mkononi. Akanitazama. Akatazama ndoo.

"Mama, kwani kuna wageni?"

Nikamwambia kuna mende, nenda kalale.

Hapakuwa na mende. Kuna majibu nayasubiri, wanaojua wanajua. Lakini swali lile halikunitoka, kwa sababu niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, nyumbani Tanga, Ngamiani, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 2015.

Mama mnamfahamu. Vikombe vya kabatini ambavyo hajawahi kunywea mtu, huoshwa kila Alhamisi. Kanga hukunjwa jozi kwa jozi, maandishi juu, ukivuta droo unayasoma yote bila kukunjua hata moja. Na ana sheria zake. Usifagie usiku, utafagia riziki. Ukilazimika, taka zilale nyuma ya mlango mpaka kuche, usizitoe nje. Na msafiri akishatoka usifagie nyuma yake, utamfutia nyayo za kurudia.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea chumba cha kaka. Kaka aliaga anakwenda Dar siku mbili, mwaka 2014. Simu ya kwanza ikatoka Durban. Mama alikuwa hajakifagia chumba siku ile, kama kawaida yake, basi siku ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, tukasikia redioni wageni wanapigwa na kuchomewa maduka kule Durban, na simu ya kaka ikawa haipatikani. Toka hapo chumba hakikuguswa tena. Shuka limeviringwa vile vile alivyoamka, shati kwenye msumari, kandambili moja mvunguni na nyingine karibu na mlango, kikombe chenye kahawa iliyokauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Nyumba ambayo hukuweza kuacha kitana juu ya kochi ikawa na jalala katikati yake, na pazia mbele. Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa tunapita pale koridoni kama watu wanaopita msibani.

Sasa Desemba ile nchi nzima ilikuwa inazungumzia mafagio. Magufuli alikuwa na mwezi mmoja tu Ikulu, kafuta sherehe za Uhuru, hakuna gwaride, shilingi bilioni 4 zikapanue barabara ya Mwenge hadi Morocco kule Dar, na wananchi wote watoke wakafanye usafi kwa sababu ya kipindupindu. Mjumbe wetu alipita nyumba kwa nyumba kama anayegawa kadi za harusi. Mimi nilikuwa nimekuja likizo. Nililala mapema.

Kilichoniamsha ni fagio la chelewa. Waliolelewa nalo wanajua kwamba halina sauti moja. Katikati ya chumba linavuta, refu, kavu. Likiingia mvunguni linakatika: chwa, chwa, chwa. Nikalala nikisikiliza, nikidhani kumekucha. Nikatazama simu: saa nane kasoro.

Taa ya chumba cha kaka ilikuwa inawaka. Nikasimama kwenye pazia. Mama ameinama, kanga kaifunga kifuani, mkono mmoja kiunoni kwa nyuma, anafagia kutoka pembeni kuja mlangoni, bila haraka, kama mtu anayehesabu. Shuka limeshatandikwa, ncha zimechomekwa. Shati halipo msumarini. Kikombe hakipo. Kandambili zimewekwa pamoja juu ya mkeka, zimelingana.

"Mama, kwani kuna mgeni?"

Hakugeuka. "Kesho usafi wa taifa. Rais kasema."

"Saa nane usiku?"

"Rais hakutaja saa."

Fungu likawa mlangoni, karibu na vidole vyangu. Vumbi la kijivu, nywele, vipande vya vocha zilizokwanguliwa, kifungo, na kichungi cha sigara. Mama hakuwahi kujua kwamba kaka anavuta, au ndivyo tulivyodhani sisi. Akakiokota. Akakinusa. Akakirudisha kwenye fungu, taratibu, akalizoa lote akalitia kwenye mfuko wa rambo, akaufunga fundo mbili, akauweka nyuma ya mlango. Akasema, "Kalale, mwanangu." Kisha nikasikia fagio limehamia uani.

Asubuhi mtaa mzima ulitoka. Mjumbe alipofika kwetu akakuta uwanja umeshafagiwa, mistari ya chelewa imepangana kama matuta. Akaita watu. "Mnaona? Hii ndiyo nyumba! Igeni kwa mama huyu!" Wakapiga makofi. Mama akacheka vizuri kabisa, akamkaribisha chai. Jioni tukamwona Magufuli kwenye televisheni akizoa taka kwa mikono pale Feri, na majirani wakasema sasa tumepata kiongozi. Mimi nilikuwa natazama viganja vya mama. Vilikuwa vimetoka malengelenge.

Trekta la taka lilipopita nilikwenda kuufuata ule mfuko nyuma ya mlango. Haukuwapo. Kama aliupeleka mwenyewe, au aliuweka mahali, sikuuliza.

Kaka alipiga simu Machi iliyofuata, kwa namba ngeni. Yuko hai, ana watoto wawili, kanenepa, hajarudi. Chumba kinakaa mwanafunzi wa chuo, analipa kwa kuchelewa.

Huwa nasikia watu wakisema ukitaka kuujua moyo wa mtu tazama nyumba yake. Mimi nimetazama. Sijui kama mama alikata tamaa usiku ule, au alikuwa anamwandalia mtu pa kulala. Ushahidi wangu ni kandambili tu. Kama zilielekea mlangoni, alikuwa anamuaga. Kama zilielekea kitandani, basi kwake yeye kaka alikuwa ameshaingia ndani. Nimejaribu kukumbuka miaka yote hii. Naona mkeka, naona mikanda ya bluu, vidole ndiyo sivioni.

Jana nikampigia nimuulize. Shikamoo, habari za mgongo, habari za mpangaji, halafu nikaingiza la kandambili.

"Kandambili gani?"

Nikamkumbusha usiku wenyewe. Akasema usiku ule alikosa usingizi tu, hakuna zaidi. Akanyamaza kidogo. Nilimsikia anavuta kiti.

"Na wewe unasafisha nini?"

Nikamwambia nyuma ya jiko.

Akasema nikilisogeza nihakikishe nimefunga gesi.