Matembele ya mume wa bibi

Mwaka 2018 tulikuwa tunakaa Mbagala, mwanangu wa kwanza ana miaka miwili na miezi, na kwa mboga za majani alikuwa na kisirani jamani sijapata kuona. Ugali anamaliza, ila jani moja la mchicha likipenya mdomoni analitafuta kwa ulimi mpaka alipate, analitoa, anabandika mkekani. Nimesaga na blenda nikachanganya kwenye wali, akaona ukijani akasukuma sahani. Nimemuwekea katuni, nimemwambia ukila nakupa soseji, akala vijiko viwili akadai soseji yake, baadae akatapika vyote. Kila usiku vita, na baba yake yuko bize na simu kama vile mtoto nilikuja naye.

Basi mama mkwe akaja kutoka Pangani na kiroba cha nazi. Siku ya kwanza akaona ile vita akanyamaza kimya, nikajua tu hapa nasemwa moyoni. Kesho yake jioni akanunua mafungu mawili ya matembele kwa kijana wa baiskeli, akakaa barazani na ungo wake, akaita, "Mume wangu, njoo unisaidie kazi, mkeo nshazeeka."

Si unajua matembele lazima uyamenye, unavunja kikonyo unavuta, ile ngozi inatoka kama uzi. Bibi anavunja anaacha uzi unaning'inia, mume anavuta, ukitoka mrefu anacheka mpaka anaanguka. Kazi ya dakika kumi ikachukua saa zima, majani mengine kayakalia, mi nimesimama mlangoni nawashwa kusema.

Yakapikwa na bilinganya, tui jepesi kwanza, zito mwisho. Usiku sinia likawekwa katikati, bibi anatangaza, "Hii mboga ya mume wangu, kamenya mwenyewe, sijui kama atawagawia." Tukaanza kula, hakuna anayemuangalia. Mi nikafungua mdomo, "Kula ba..." mama mkwe akanifinya paja, tena kwa nguvu! Nikanyamaza. Mtoto anatuangalia tunavyomaliza mali yake, mara akachovya tonge kwenye mchuzi, akachovya tena, halafu akaokota jani refu akalivuta mdomoni kama tambi. Likaenda. Akaokota lingine.

Nilifurahi ndio, ila niseme ukweli na wivu ulinishika, miezi yote ile nahangaika mie.

Mama mkwe akarudi kwao. Wiki hiyohiyo nikanunua matembele, nimetoka kazini nimechoka nikamenya mwenyewe harakaharaka, nikaunga na nazi yake ileile. Mtoto akaangalia sahani, akaniangalia.

"Kamenya nani?"

"Mama."

Akasukuma sahani.

Nikairudisha jikoni, nikakaa kidogo, nikaja nayo tena. Nikamwambia haya kamenya bibi, kayatuma na basi la Tanga.

Akala.