Ampu ya volti 120 na santuri zinazoburuta: nilivyotatua hapa Tabora

Shemeji alirudi Tabora kutoka Marekani na ampu (kikuza sauti) nzito pamoja na pleya ya santuri. Nyuma imeandikwa volti 120, hezi 60 (mawimbi ya umeme kwa sekunde). Ukutani kwetu ni volti 230, hezi 50. Ukichomeka hivyo hivyo, ni moshi.

Nilifungua ampu baada ya kapasita, zile zinazohifadhi umeme ndani, kuishiwa chaji. Transfoma ilikuwa na koili mbili za kuingizia umeme, zenye ukinzani sawa, zimeungwa sambamba. Hiyo ni bahati; zenye koili moja tu zinahitaji stepudauni, yaani transfoma ya nje ya kushusha volti. Nikaziunga kwa mfululizo, mwisho wa ya kwanza kwenye mwanzo wa ya pili (ukigeuza mwelekeo zinapingana na fyuzi inakatika). Fyuzi ya ampea 5 ikawa ya 2.5. Soketi za nyuma, zile za kuchomekea vifaa vingine, nikazikata kabisa, maana sasa zingetoa 230. Kabla ya kuamini kazi yangu nilipitisha umeme wa ampu kwenye balbu ya wati 100 iliyoungwa kwa mfululizo: ikamweka, ikafifia. Safi; ingebaki inawaka sana, kungekuwa na shoti.

Pleya ndiyo ilisumbua, hata kupitia stepudauni. Stepudauni hushusha volti lakini haigusi hezi, na mota ile hufuata hezi. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ikazunguka kama 28. Tabora Jazz, bendi ya zamani ya hapa, wakaimba kama wamelewa. Dawa yake ni puli, kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda wa sahani: fundi wa kuchonga vyuma akanitolea nyingine yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 20, mkanda ule ule. Shemeji sasa hashikiki.