Leo tumelikata bomba

Wiki mbili nimekuwa nikishinda gereji hapa Kizota, tunatengeneza keji ya gari letu la rali, yaani fremu ya mabomba inayowalinda waliomo gari likipinduka. Bomba kuu, lile linalopita nyuma ya viti kama upinde, tulilikunja wenyewe. Tulilijaza mchanga, tukalipasha moto, likakubali. Kwa macho lilipendeza kweli.

Leo asubuhi mzee mmoja aliyewahi kukagua magari ya mashindano alipita. Hakusema kitu. Aliingiza mkono, akapapasa kona polepole, akarudia.

"Mwanangu, niletee vania." Kile kifaa cha kupimia kipenyo.

Kipenyo pale konani, upande mmoja milimita 47. Upande wa pili 41.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka kipenyo chembamba kigawanywe kwa kinene, jibu lisishuke chini ya 0.9. Letu 0.87. Halafu akauliza, "Mlitumia moto?" Nikainamisha kichwa. Bomba la keji linatakiwa kukunjwa likiwa baridi.

Nilitaka kubishana. Pesa imeshaenda, jamani. Lakini kiti cha kushoto anakaa mdogo wangu, ndiye anayenisomea njia. Nilipokipakata kile kipande kilichokatwa, bado kina joto la grainda, nikaona mkunjo mdogo kwa ndani, kama ngozi ya kiwiko. Pale ndipo lingevunjikia.

Mikono inanitetemeka hadi sasa.

Wana Dodoma, hata Morogoro au Singida: nani anamfahamu fundi mwenye mashine ya kukunja bomba la milimita 45 bila moto? Niandikieni hapa chini, tafadhali.